Jina Lilisomwa, Mkataba Haukuja: Tuliyoyaona Kwenye Drafti ya MLS

Tangu jina la mpwa wangu lisomwe kwenye drafti ya MLS, ile zamu ya klabu za ligi kuu ya soka ya Marekani kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, simu yangu haipumziki. Mzazi wa Kisauni, kocha wa watoto kule Malindi, kijana wa Tanga nisiyemjua wala hanijui, wote swali lao ni moja: na sisi tupite wapi? Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp wakati wa mapumziko kazini, nusu maneno, nusu kelele za mashine za kupakia mizigo. Nayaandika hapa yote kwa pamoja. Na yale ambayo hayakupigiwa vigelegele nayaandika pia, maana hayo ndiyo yaliyotugharimu.

Nianze na jambo moja. Kuchaguliwa kwenye drafti si kuajiriwa. Klabu ikilitaja jina lako, imepata haki ya kuzungumza nawe, na klabu nyingine za MLS haziruhusiwi kukugusa. Basi. Wewe mwenyewe hapo hujapata hata senti moja. Mkataba ni habari nyingine, na kwa wengi wanaochaguliwa raundi za mwisho, habari hiyo haifiki.

Kwetu tumezoea usajili. Simba au Yanga ikimtaka mtu inakwenda kwa klabu yake, wanavutana bei, anatia saini, anapigwa picha ameshika jezi, mtaa unalipuka. Tumezoea kwamba ukishaona jina limetangazwa, pesa zimeshapita mahali. Marekani mambo yamegeuzwa. Kwanza mchezaji wa MLS anaajiriwa na ligi yenyewe, klabu inapangiwa tu. Pili, wachezaji wanaotoka vyuoni hawachagui waende wapi. Klabu hupokezana zamu: iliyoshika mkia inatangulia, bingwa anakuja mwisho, na klabu mpya inayoingia ligini hupewa zamu ya mbele ili isiaibike. Lengo ni kwamba wanyonge wapate cha kuanzia.

Mtindo huu haukuzaliwa kwenye soka. Ulianza mwaka 1936 kwenye mpira wao ule wa kofia ngumu, baada ya Bert Bell wa Philadelphia Eagles kuchoka kuona klabu chache zenye nguvu zikibeba vijana wazuri wote huku yake ikifungwa. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa University of Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa, kwa sababu hawakuelewana mshahara. Ningeijua habari hiyo mapema ningemsimulia dada yangu kabla hajapikia mtaa mzima biriani.

Sasa nirudi nyuma. Mpwa wangu ni wa Majengo, Mombasa, beki wa kushoto, mguu wa kushoto kweli, si wa kulazimisha. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani akitafuta njia, na kwa kuwa hakuwa na kazi, alicheza. Kila kijana wa Mombasa hufanya hivyo. Alicheza ligi ya kaunti, yenye ratiba, marefa na matokeo yanayoandikwa. Ilikuwa fahari ya familia.

Kumbe huku ng'ambo saa ilikuwa inahesabu. Wakati ule kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa soka la daraja la kwanza zilikuwa hivi: ukimaliza sekondari unapewa mwaka mmoja wa kupumua. Ukipita hapo na bado unacheza mashindano rasmi, kila mwaka unakatwa msimu mmoja katika minne ya chuo. Kijana alifika Marekani akiwa ameshakatwa msimu mmoja kwa kucheza mpira, yaani kwa kufanya kitu kilekile alichoitiwa. Hakuna aliyemficha. Ni kwamba Mombasa hakuna aliyewahi kuhitaji kuijua kanuni hiyo, na kocha wa chuo aliyemwona kwenye video alidhani tunaijua.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne anayetaka njia hii, asianze na viatu wala video. Aanze na tarehe. Amalize shule lini, aingie chuo lini, na katikati hapo anacheza wapi. Kanuni hizi hubadilishwa kila mara, kwa hiyo ulizeni za mwaka wenu, msitumie za kwetu. Na fomu ya NCAA ikiuliza timu zote alizochezea, ziandikeni zote, hata ile ya mtaani iliyokufa baada ya miezi miwili. Picha ziko Facebook, wanaziona.

Kisha kuna hii skolashipu. Watu wakisikia kijana amepata skolashipu ya mpira Marekani wanadhani kila kitu kimelipwa. Wakati wetu chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa skolashipu 9.9 tu kwa timu nzima ya soka ya wanaume. Tisa na sehemu tisa, kwa timu yenye wachezaji zaidi ya 25. Kocha anazikata vipande kama mkate wa sinia, na mgeni aliyechelewa kufika anapata ukingo. (Tangu 2025, kwa vyuo vilivyoingia mfumo mpya, kinachowekewa kikomo ni idadi ya wachezaji, wala si skolashipu. Lakini msidhani pesa imeongezeka mfukoni mwa kila kocha.) Mpwa wangu alipata kiasi cha kutosha kutushawishi tuseme ndiyo, na kilichobaki kikawa changu na cha mchango wa ukoo. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi nje ya chuo, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akawa anaosha masinia kwenye bwalo la chuo baada ya mazoezi. Mimi nikachukua shifti za usiku kwenye ghala hapa Columbus, Ohio, na nikaacha kabisa habari ya kwenda Mombasa Idi.

Miaka ya chuo naipita haraka, ilikuwa mizuri. Alicheza, alifaulu, alikonda, alinenepa, alijifunza kuendesha gari kwenye theluji kwa gari langu, na alama yake bado iko kwenye mlango.

Msimu wake wa mwisho ulipokaribia ndipo nilipoanza kuisoma drafti yenyewe. Mtu wa ghala usiku ana muda mwingi wa kusikiliza. Nilitaka kujua klabu zinawazaje, maana nilishaona kwamba kumwangalia mpwa wangu peke yake hakunisaidii kitu. Nilipitia miaka mingi nyuma, na nilichokikuta kilinituliza kwanza, kisha kikanitia hofu.

Kilichonituliza ni majina. Mwaka 2009 Seattle Sounders walikuwa klabu mpya na chaguo lao la kwanza kabisa lilikuwa Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia London. Mwaka uliofuata Philadelphia Union nao wakiwa wapya walimchukua namba moja Danny Mwanga, naye wa Kinshasa, aliyefika Oregon akiwa kijana mdogo. Wakongo wawili mfululizo, namba moja wa Marekani nzima! Nilimpigia rafiki yangu wa Lubumbashi tunayefanya naye kazi nikamwambia, naye akadai anajua siku zote. Hiyohiyo 2009, Kansas City walimchagua Matt Besler wa nane na Graham Zusi wa 23, na miaka minne baadaye wote wawili walikuwa nguzo za timu iliyobeba kombe la MLS. Hapo unaona klabu inavyoweza kujenga nyumba kwa drafti moja ikiwa na subira. Na kuna Chris Wondolowski, aliyechaguliwa 2005 kwenye drafti ya nyongeza, wa 41, kutoka chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawawezi kukuonyesha kwenye ramani. Alistaafu na mabao 171, rekodi ya ligi.

Kilichonitia hofu ni nilipoangalia pande zote mbili za hadithi hizo. Mwanga alifunga mabao saba msimu wake wa kwanza, kisha akaanza kuhamishwa klabu hadi klabu, na moto ukazima taratibu. Zakuani alivunjwa mguu Aprili 2011 na hakurudi kuwa yuleyule. Kuwa namba moja hakukumlinda yeyote. Na Wondolowski alisubiri miaka kabla hajapewa nafasi ya kudumu. Drafti ilimfungulia geti tu. Aliyemfanya awe Wondolowski ni yeye na makocha waliokubali kumngoja.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Kuanzia 2008 MLS iliruhusu klabu kusaini vijana wa akademi zao moja kwa moja bila kupitia drafti. Hapo mchezo ulibadilika. Klabu yenye akademi nzuri inamlea mtoto tangu ana miaka kumi na mbili, inamjua goti lake na mama yake, ya nini kumsubiri wa miaka 22 kutoka chuoni? Mwaka 2019 Philadelphia Union waliuza chaguo zao zote za drafti kwa FC Cincinnati, wakachukua pesa za bajeti, yaani fungu la ligi la kulipia wachezaji, wakaenda zao. Mwaka uliofuata walimaliza kileleni mwa msimu wa kawaida wakiwa na vijana wa akademi kama Brenden Aaronson na Mark McKenzie. Wanaoitetea drafti husema: na golini je? Golini alikuwa Andre Blake, Mjamaika, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2014. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini mimi nikiwa mjomba wa mtoto asiye na akademi, nilichokiona ni klabu iliyouza mlango tuliokuwa tumepanga foleni.

Hata mtoto wa kwetu aliyefika huko kwa jina kubwa hakupita hapo. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa, akaishi kambi ya Kakuma, akafika Seattle, na Sounders walimsaini 2018 kama kijana wao wa nyumbani, yaani wa akademi yao. Lawrence Olum wa Nairobi alipitia chuo kidogo na madaraja ya chini kwa miaka kabla ya Kansas City kumchukua, na alikuwemo kikosini mwaka ule wa kombe, 2013. Nizar Khalfan wa Tanzania aliingia kupitia Vancouver Whitecaps. Watatu hao hawakusubiri zamu ya mtu kusoma majina yao.

Nikamwambia mpwa wangu yote haya. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mjomba, nimekusikia, lakini mimi nina mechi Jumamosi." Nikanyamaza.

Siku ya drafti. Zamani ilikuwa sherehe ukumbini, vijana wamevaa suti, kamishna anasoma jina, unapanda jukwaani unapewa skafu. Mwaka wake hiyo haikuwepo tena, majina yalitoka mtandaoni. Tulikaa sebuleni kwangu, yeye, mke wangu, wenzake wawili wa timu, kompyuta imeunganishwa na televisheni. Dada yangu alikuwa kwenye simu ya video kutoka Mombasa na nyumba nzima nyuma yake. Raundi ya kwanza ikapita. Tulijua haitakuwa hiyo. Ya pili ikapita, na mwenzake mmoja akaanza kuangalia saa. Raundi ya tatu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu klabu zina ruhusa ya kukataa zamu. Maandishi yakawa yanatoka: imepita. Imepita. Imepita. Yaani klabu inaitwa ichague mtu bure, inasema hapana asante. Mpwa wangu alikuwa ameshika kikombe cha chai na hakukinywa, maziwa yakaganda juu.

Halafu jina lake likatokea, na limekosewa herufi moja.

Kwao Mombasa ilikuwa imeshapita saa saba ya usiku. Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu viliamsha mbwa wa jirani yangu. Kufika asubuhi ilikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Pwani: kijana wa Majengo asajiliwa MLS. Asajiliwa. Nilijaribu kulisahihisha neno hilo kwenye kundi moja, nikaambiwa nina kijicho.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana hakuna anayepasema. Klabu ilimpigia usiku uleule, watu wazuri, wakamkaribisha kambini. Mwaliko wa kambi: nauli, hoteli, chakula, wiki kadhaa za kujionyesha. Hakuna mshahara. Mwaka 2022, kwa mfano, mshahara wa chini kabisa kwa wachezaji wa akiba wa MLS ulikuwa dola 65,500 kwa mwaka, na Mombasa mtu mmoja mwerevu alishauzidisha kwa shilingi na kuupeleka barazani. Ndani ya wiki moja dada yangu alikuwa ameombwa karo ya mtoto wa jirani, paa la madrasa, na mtaji wa tuktuk. Mzee mmoja wa heshima alimtumia mpwa wangu ujumbe mrefu wa dua na mwisho namba ya M-Pesa. Kijana huyo wakati huo alikuwa na dola mia moja na kitu kwenye akaunti na analala kwenye kochi langu. Aliwajibu wote mwanzoni, mmoja mmoja, akieleza. Hakuna aliyemwamini. Baadaye akazima simu, na kuzima simu kukawa ndio ushahidi kwamba ameshapata na amebadilika.

Dada yangu alinipigia akilia. "Kaka, niwaambie nini hawa watu?" Nikamwambia awaambie yuko kwenye majaribio. Neno hilo kila mtu wa mpira analielewa. Laiti tungelitumia tangu usiku ule wa kwanza, badala ya kuacha "amesajiliwa" litembee. Kwa wanaofuata: kabla ya drafti, kaeni na familia mkubaliane neno moja, na asitoke mtu na neno lake.

Jambo lililokwenda sawa lilikuwa kibali cha kazi, na sifa zote ni za mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Mpwa wangu alikuwa anamaliza masomo Desemba. Mwanafunzi wa viza ya F-1 akimaliza shahada anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, na maombi yanafunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza. Mama huyo alimwita Septemba, akamkalisha, akamwambia tume leo, usisubiri msimu uishe. Kadi ilifika wakati kambi inaanza. Nimesikia vijana waliofika kambini bila kadi, klabu inawataka, na hakuna mtu wa kuwalipa kihalali. Somo alilosomea nalo lina uzito, kwa sababu kazi lazima ifanane na shahada. Yeye alisoma sayansi ya michezo. Angesoma uhasibu tungehitaji mwanasheria.

Kambini alikuta kabati lenye jina lake limeandikwa kwa kalamu kwenye utepe mweupe. Ya wenzake wenye mikataba yalikuwa na vibao vilivyochapishwa. Jezi yake ya mazoezi ilikuwa namba sitini na kitu. Alicheza dakika za mwisho katika mechi mbili za kirafiki, na katika moja alitoa krosi iliyozaa bao. Nilitumiwa kipande cha video hicho na watu wasiopungua ishirini. Kocha msaidizi alimpenda. Alimwambia hivyo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila mzazi wa Afrika Mashariki akisome mara mbili. Kila klabu ya MLS hupewa nafasi nane za wachezaji wa kigeni, na nafasi hizo zinauzwa na kununuliwa baina ya klabu kwa pesa za bajeti. Mkurugenzi wa ufundi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamweleza bila kuzunguka: uwezo wako tunauona, ila kukuandika wewe ni kutumia nafasi ya kigeni, na nafasi hizo tumeziweka kwa mshambuliaji na kiungo tuliowanunua. Beki wa kushoto wa akiba tutamchukua Mmarekani. Ndivyo ilivyokwisha, wiki ya nne.

Nilikasirika siku mbili. Baadaye nikafikiri, ningekuwa kwenye kiti chake ningefanya vilevile. Unajenga timu, una nafasi nane, kila moja ina bei sokoni. Huwezi kumpa nafasi hiyo kijana wa raundi ya tatu atakayekaa benchi. Na wala si siri. Kanuni hiyo imeandikwa, iko wazi kwenye tovuti ya ligi. Ni kwamba sisi tulikuwa tunamwangalia mchezaji, klabu inaangalia karatasi zake. Kwa kanuni hizo, mwenye green card anahesabiwa mwenyeji. Mkimbizi aliyekubaliwa na mwenye hifadhi ya kisiasa pia. Mbele ya klabu za Marekani, kijana wa Kinyamulenge aliyeletwa Texas na wazazi wake kama mkimbizi ana kitu ambacho mpwa wangu, pamoja na krosi zake, hakuwa nacho. Nawaambia wazazi wa Kikongo na wa Kirundi huku: karatasi zile mlizoziweka ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, mwambieni kocha kuwa mnazo. Makocha wengi hawaulizi.

Katikati ya haya alijitokeza jamaa anayejiita wakala. Sitamtaja. Alikuwa na kadi nzuri, picha akiwa na wachezaji, na alitaka dola 1,500 za "kufungua faili" ili ampeleke kwenye klabu yenye nafasi. Mke wangu ndiye aliyemwuliza swali moja tu: mkataba ukikosekana, pesa inarudi? Akasema ni gharama za uendeshaji. Chai ikaisha, akaenda. Wakala wa kweli anakula asilimia ya mkataba uliosainiwa, anayetaka mbele ya mkataba anakula wewe. Na wakati kijana bado anacheza chuo, kusaini na wakala kunaweza kumpotezea ruhusa ya kucheza kabisa, kwa hiyo hata salamu zao ziwe za kupitia kocha.

Timu ya akiba ya klabu ileile ilikuwa na kikomo chake cha wageni, na kilikuwa kimejaa. Akabaki kwangu wiki sita. Zilikuwa nzito. Mwenye kibali kile cha kazi hawezi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, na nilikuwa nazihesabu kwenye kalenda ya msikiti iliyobandikwa jikoni, nikidhani haoni. Alikuwa anaona. Asubuhi anakimbia kwenye baridi, mchana anaandika barua pepe kwa makocha wa madaraja ya chini na kipande kile cha krosi, jioni anapika. Alijifunza kupika mahamri wakati huo, na ni mazuri kuliko ya mke wangu, ingawa hilo halisemwi nyumbani.

Aliyemtoa ni yule kocha msaidizi aliyempenda. Alikuwa amehamia klabu ya USL, ligi ya daraja la chini ya MLS, na alihitaji beki wa kushoto. Huko nako wageni wana kikomo, lakini hakikuwa kimejaa. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miezi kumi, mshahara mdogo, nyumba ya klabu wanayokaa wanne. Alicheza mechi nyingi msimu ule. Klabu ikamwombea viza ya mwanamichezo, na mpaka leo anacheza. Katika mazungumzo yale hakuna aliyetaja kwamba aliwahi kuchaguliwa kwenye drafti, ila mimi.

Je, ningemshauri tena aweke jina? Ndiyo. Bila drafti asingeingia kambi ile, na bila kambi asingekutana na yule kocha. Lakini ningemshauri atume zile barua pepe kwa klabu za USL tangu Novemba, sambamba na drafti, asisubiri mpaka Machi wakati timu nyingi zimeshafunga vikosi. Aliyechaguliwa raundi ya tatu na ambaye hakuchaguliwa kabisa wanakutana kwenye majaribio yaleyale, na wa pili mara nyingi amewahi kufika.

Kwa wasichana habari ni tofauti kabisa, na naona ni nzuri kwao. Ligi ya wanawake, NWSL, iliifuta drafti mwaka 2024 katika makubaliano na chama cha wachezaji, ligi kubwa ya kwanza Marekani kufanya hivyo. Binti anayemaliza chuo sasa anazungumza na klabu anayoitaka, anauliza ina nafasi ya kigeni au haina, anauliza mshahara, kisha anaamua. Binti wa Nairobi aliyenipigia mwezi uliopita alidhani nimekosea. Nilimwambia aandike maswali yake matatu na ampigie kocha wake wa chuo kabla ya mimi.

Kwa wavulana, MLS imetangaza kwamba kuanzia 2027 itahamisha msimu wake uanze kiangazi na kumalizika majira ya kuchipua, kama Ulaya. Msimu wa vyuo unaisha Desemba, kwa hiyo atakayechaguliwa wakati huo atakuta ligi iko katikati. Kama kuna mwenye kijana wa mwaka wa pili au wa tatu chuoni sasa hivi, swali la kumpelekea kocha wiki hii ni hilo: drafti yenu itakuwa mwezi gani, na kadi ya kibali iombwe lini ili ifike kabla yake?